Penye mahindi mengi pia pana udumavu

Kwa miaka mingi watu wengi wameamini kwamba utapiamlo ni tatizo la mikoa yenye ukame, na kwamba ghala likijaa, mtoto yuko salama. Takwimu za Tanzania zinaonyesha vinginevyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wao. Mkoani Iringa, mojawapo ya maghala ya chakula nchini, idadi hiyo ilizidi nusu, na Njombe na Rukwa hazikuwa mbali.

Sababu haifichiki sana. Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, na likijazwa uji mwepesi wa sembe mara mbili kwa siku, mtoto hulala ameshiba ilhali mwili wake umekosa protini, madini ya chuma na zinki. Sembe yenyewe imekobolewa, na sehemu kubwa ya virutubishi imebaki kwenye pumba, ambazo (kwa bahati ya kuku) hulishwa mifugo. Mayai na maziwa mara nyingi huuzwa, na mama anayelima kutwa nzima hana muda wa kumlisha mtoto mara nyingi kama inavyotakiwa.

Udumavu huanza hata kabla ya kuzaliwa, hasa mama anapokuwa binti ambaye mwili wake bado unakua na unagombea chakula kilekile na mimba.