Vyuma vya kifundo si lazima vitolewe
Aliyevunjika kifundo cha mguu akawekewa vyuma hakosi kuambiwa: mfupa ukiunga, rudi ukavitoe, la sivyo vitaota kutu na hutatembea sawasawa. Si kweli. Bamba na skrubu hizo ni za titani au chuma cha pua, na kwa mtu mzima kwa kawaida huachwa humo humo. Hutolewa zikileta shida: maambukizi, skrubu kulegea, au kichwa chake kusuguana na kiatu upande wa nje, ambako ngozi haina nyama ya kuikinga. Watoto ni habari nyingine, maana bado wanakua.

Kinachokaza kifundo mara nyingi ni kukaa wiki nyingi kwenye plasta, na misuli ya shavu la mguu nayo husinyaa. Daktari akisharuhusu mazoezi, kaa chini, nyoosha mguu, pitisha kanga chini ya unyayo uivute kuja kwako, taratibu. Ukiruhusiwa kukanyaga, shika ukuta, inuka kwa vidole, shuka polepole. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi kadhaa, na peke yake si dalili kwamba vyuma vimeharibika. Ukiandamana na joto, wekundu au usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo.