ALT imepanda kidogo: namba hiyo inasema nini, na haisemi nini

Umepima afya kwa utaratibu tu, huumwi popote, kisha majibu ya damu yanatoka na mstari mmoja wenye herufi H (yaani juu ya kikomo) pembeni: ALT, kipimo kinachohusu ini, 62, kikomo 40. Kuna watakaokesha kwenye simu wakisoma habari za ini kuharibika. Kuna watakaoikunja karatasi na kuitia kwenye droo, maana hawajisikii vibaya. Wa kwanza hupiga kelele zaidi, lakini wa pili ndio wanaonipa wasiwasi.

ALT, na mwenzake AST, ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia ndani ya seli. Seli za ini zikiumia, vimeng'enya hivyo huvujia kwenye damu, na maabara huvipima vikiwa huko. Kinachopimwa, basi, ni mvujo. Tumezoea kuviita "vipimo vya utendaji kazi wa ini", hata sisi wataalamu, na jina hilo linapotosha. Anayetaka kujua ini linafanyaje kazi yake aangalie albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi ya njano ambayo ini huiondoa) na muda wa damu kuganda. Mwenye ALT ya 62 anaweza kuwa na ini linalofanya kila kazi yake sawasawa. Mwingine ini limejaa makovu, na ALT yake ni 30.

Na huo mvujo si lazima utoke kwenye ini. ALT kwa kiasi kikubwa ni ya ini, lakini AST imo pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. Chukua kijana aliyeanza kunyanyua vyuma Jumamosi akapima damu Jumanne. AST yake itapanda, ALT nayo inaweza kufuata, na kwa asiyezoea mazoezi makali hali hiyo huweza kudumu wiki nzima au zaidi. Kipimo cha CK, kimeng'enya cha misuli, humaliza ubishi. Hata chembe nyekundu zikipasuka ndani ya kichupa wakati wa kutoa damu, AST husomeka juu bila mgonjwa kuwa na hatia yoyote.

Kikomo chenyewe nacho kimewekwa na watu. Kwa kawaida maabara huchora mipaka inayokusanya watu 95 kati ya 100 walioonekana wazima, hivyo wachache huangukia nje hata kama hawana ugonjwa. Upande wa pili, baadhi ya waliotumika kuweka mipaka hiyo walikuwa na mafuta kwenye ini bila kujua. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa mfumo wa chakula wa Marekani wa mwaka 2017 ulishusha ALT ya kawaida hadi 29–33 kwa wanaume na 19–25 kwa wanawake. Kwa kipimo hicho, 38 ya mwanamke inastahili kuulizwa hata kama mashine haikuweka H.

Tunaposema "imepanda kidogo" tunamaanisha chini ya mara tano ya kikomo. Sababu inayoongoza ni mafuta kwenye ini, hasa kwa mwenye kitambi, kisukari au mafuta mengi kwenye damu. Pombe huacha alama yake: mara nyingi AST huizidi ALT, wakati mwingine kwa zaidi ya mara mbili. Homa ya ini B na C zinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, zikijionyesha kwa namba hizi ndogondogo tu, na C siku hizi inatibika ikaisha kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Nadra zaidi ni madini ya chuma kuzidi mwilini, kinga kushambulia ini, au matatizo ya tezi ya shingo.

Dawa zinahitaji maneno zaidi. Hata parasetamoli ya gramu 4 kwa siku, dozi ya juu inayoruhusiwa, ikitumika siku kadhaa mfululizo huweza kupandisha ALT kwa mtu mzima wa afya. Isoniazidi ya kifua kikuu hufanya hivyo kwa wagonjwa wengi kiasi, na mara nyingi namba hushuka huku dawa ikiendelea. Usiache dawa ya kifua kikuu, ya VVU au ya kolesteroli kwa sababu ya H moja. Muulize kwanza aliyekuandikia. Za kuacha ni zile za "kusafisha ini". Nimeona watu wakija na ALT ya 70, wakarudi na ya 400 baada ya mwezi wa kusafisha. Mitishamba na virutubisho vya kupunguza mwili vina uwezo huo, na mgonjwa haviingizi kwenye hesabu ya dawa akiulizwa.

Kurudia kipimo baada ya wiki chache ni sawa, ila kurudia peke yake hakutoshi, kwa sababu mafuta na virusi vinaweza kushusha ALT leo na kuipandisha mwezi ujao. Omba homa ya ini B na C zipimwe mapema, na ultrasaundi ikihitajika. Daktari pia anaweza kukokotoa FIB-4, namba inayokadiria makovu ya ini, kwa kutumia umri, AST, ALT na chembe sahani za damu (zile zinazosaidia damu kuganda). Kwa mtu wa makamo, ikiwa chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Tatizo likiwa ni mafuta, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito hutuliza uvimbe wa ini.

Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa wa kahawia iliyokolea, tumbo likajaa maji au mtu akaanza kuchanganyikiwa, usisubiri kurudia kipimo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vinginevyo, panga siku ya kurudi. Pumzisha mazoezi makali wiki moja kabla, tafuta majibu yako ya miaka iliyopita, na uje na kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, hata kile ulichopewa na jirani.