Kitafuta samaki cha sona: namna ya kukifunga na kukisoma

Wengi wanaonijia na maswali kuhusu kitafuta samaki huanza na skrini: ina upana gani, ina rangi ngapi, inaonyesha ramani au haionyeshi. Mimi huwauliza kwanza transdusa, yaani kile kipande kinachotuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, imefungwa wapi, kwa sababu katika kazi ya kufunga na kurekebisha vyombo hivi nimeona kwamba chanzo cha malalamiko mengi ni hewa iliyojipenyeza kati ya uso wa transdusa na maji. Sauti husafiri vizuri sana ndani ya maji, lakini ikifika kwenye mpaka wa maji na hewa karibu yote hurudi ilikotoka, hivyo utando mwembamba wa mapovu unatosha kulipofusha jicho la kifaa cha bei kubwa. Mwenye kifaa cha kawaida kilichofungwa mahali pazuri ataona mengi kuliko mwenye kifaa cha hali ya juu kilichofungwa ovyo.

Maamuzi yote ya ufungaji yanatokana na jinsi sona, yaani upimaji wa majini kwa kutumia sauti, inavyofanya kazi, kwa hiyo nitaanzia hapo. Ndani ya transdusa mna kipande cha kauri maalumu ambacho hutetemeka kinapopitishiwa umeme, na huzalisha umeme kinapotetemeshwa. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani hutoa umeme zikigandamizwa, na mwaka 1948 ndugu wa familia ya Furuno nchini Japani wakaingiza sokoni kitafuta samaki kilichowafaa wavuvi katika kazi yao ya kila siku. Kifaa hutuma mpigo mfupi wa sauti kuelekea chini, kisha hunyamaza na kusikiliza mwangwi. Katika maji ya bahari sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo penye kina cha mita 30 mwangwi wa sakafu hurudi baada ya sehemu 4 kati ya 100 za sekunde. Kifaa huuzidisha muda huo kwa kasi ya sauti, hugawa kwa mbili, na kuandika kina. Kasi hiyo hupungua katika maji baridi yasiyo na chumvi, ambapo kwenye nyuzi 4 za Selsiasi huwa karibu mita 1,420 kwa sekunde. Kifaa kilichopangiwa 1,500 kitakuonyesha hapo kina kinachozidi kilichopo kwa zaidi ya asilimia 5, na kosa la upande huo ni baya kwa sababu linakuahidi maji ambayo hayapo. Anayepita mara kwa mara mahali penye maji machache airekebishe namba hiyo kwenye menyu kama kifaa chake kinaruhusu.

Jambo linalofuata ni masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Vifaa vingi hutumia kilohezi 50 na 200, na kilohezi moja ni mitetemo 1,000 kwa sekunde. Wimbi la kilohezi 200 lina urefu wa milimita 7.5 tu majini, ilhali la kilohezi 50 lina milimita 30. Wimbi fupi hutenganisha vizuri vitu vilivyokaribiana, lakini maji hulifyonza haraka, na maji ya chumvi hulifyonza zaidi. Ndiyo maana kilohezi 200 hufaa maji ya kina kidogo na cha wastani, na kilohezi 50 hufaa kilindini. Vifaa vya sasa vinavyoandikwa CHIRP hutuma mpigo unaopitia masafa mengi mfululizo badala ya masafa mamoja, na hivyo hutenganisha samaki wawili waliokaribiana kwa namna ambayo mpigo wa zamani usingeweza. Kuhusu nguvu, kuwa mwangalifu na namba iliyoandikwa kwenye boksi: wati 4,000 zilizopimwa kutoka kilele hadi kilele cha wimbi ni sawa na wati 500 za wastani halisi, kwa maana kipimo cha kwanza huwa mara 8 ya cha pili, na si wauzaji wote wanaotaja wanatumia kipi.

Sauti hutoka kwenye transdusa ikitanuka kama koni. Koni yenye pembe ya nyuzi 20 ikifika kina cha mita 30 huwa na kipenyo cha mita 10 na nusu hivi. Yenye pembe ya nyuzi 45 huwa na karibu mita 25. Samaki yeyote aliye ndani ya mduara huo huchorwa kana kwamba yuko chini ya boti hasa, hata kama yuko mita 10 pembeni. Hili nitalirudia nitakapofika kwenye usomaji.

Sasa tufunge. Kwenye boti ndogo yenye injini ya nje, transdusa kwa kawaida huwekwa kwenye ukuta wa tezi, yaani ukuta wa nyuma ya boti. Kabla ya kushika keekee, mwombe mtu mwingine aendeshe boti katika mwendo wako wa kawaida, nawe utazame kwa usalama mahali ambapo maji hutoka chini ya tezi yakiwa laini, yasiyo na povu. Epuka mstari ulio nyuma ya mbavu za nje, safu za ribiti, matundu ya kuingizia maji na kitu chochote kilichochomoza chini ya boti, kwa kuwa kila kimoja huacha mkia wa mapovu. Kama pangaboi ni moja nayo huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa ukiitazama kutoka nyuma, chagua upande wa kulia, ambako mapanga yake hushuka. Upande wa kushoto mapanga hupanda na kuyavuruga maji. Uso wa transdusa uwe sambamba na uso wa maji boti ikiwa imeelea na kubeba mzigo wake wa kawaida. Maelekezo ya watengenezaji wengi hutaka uso huo ushuke milimita 3 hivi chini ya tumbo la boti ya faiba, na milimita 10 hivi kwa boti ya alumini, lakini kitabu cha kifaa chako ndicho chenye neno la mwisho.

Ninapendelea kufunga kwanza ubao mnene wa plastiki kwenye ukuta wa tezi, kisha transdusa juu yake, ili marekebisho ya baadaye yasiongeze matundu kwenye boti. Zungushia utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina ambacho usikivuke, na ujaze kila tundu lililo chini ya mstari wa maji kwa gundi ya kuzibia ya baharini kabla skrubu haijaingia. Maji yanayopenya taratibu kwenye mbao zilizofichwa ndani ya ukuta wa faiba huozesha boti pasipo mwenyewe kujua, na hasara yake huzidi mbali ile ya kifaa chenyewe.

Boti kubwa hutobolewa chini na transdusa hupitishwa. Hapa kosa la kuchagua madini (metali) ya transdusa ni la hatari. Shaba nyeusi ikigusana na alumini au chuma cha boti ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo huzaliwa kati yao na chuma cha boti huliwa. Kwa hiyo boti ya madini ipewe transdusa yenye ganda la chuma kisichoshika kutu au la plastiki, na iliyotengwa vizuri kama mtengenezaji anavyoagiza. Ganda la plastiki nalo lisipitishwe kwenye boti ya mbao, kwa sababu mbao huvimba zikilowa na kulibana hadi lipasuke. Kazi hii ifanywe na fundi aliyeizoea, boti ikiwa nchi kavu.

Ipo njia ya tatu ninayoipenda kwa boti za faiba zinazokwenda kasi: transdusa hubandikwa ndani, juu ya sakafu ya boti, na kupiga sauti kupitia faiba yenyewe. Haina tundu wala kitu kinachokokotwa majini. Huhitaji faiba tupu. Penye mbao, sponji au tabaka la hewa katikati haitafanya kazi, na kwenye madini pia haifai. Faiba hula sehemu ya sauti inapotoka na inaporudi, na kipimajoto cha transdusa kitapima joto la boti badala ya joto la maji. Kabla ya kumimina epoksi, yaani gundi ya kuibandikia, weka transdusa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji, ubonyeze sakafuni na ulinganishe usomaji na ule unaopata ukiishikilia transdusa hiyohiyo nje ya boti, majini. Ukilingana kwa karibu, mahali hapo panafaa. Epoksi yenyewe imiminwe polepole, kwani mapovu yaliyoganda ndani yake hayatatoka tena.

Umeme nao unastahili subira hiyohiyo. Vuta waya za kifaa moja kwa moja kutoka kwenye betri, uweke fyuzi ya ukubwa uliotajwa kitabuni karibu na betri, na usiungane na waya za injini. Kebo ya transdusa ipite mbali na waya za kuwashia injini na za redio ya mawasiliano. Usiikate ili kuifupisha. Urefu uliozidi ukunje kwa umbo la namba nane na kuufunga mahali pakavu. Pia usiache kifaa chenye nguvu kubwa kikituma mipigo huku transdusa iko nje ya maji, kwa sababu kauri hutegemea maji kupoa.

Jaribio la kwanza lifanyike boti ikiwa imesimama, injini imezimwa, mahali unapokijua kina chake. Ongeza usikivu hadi vidoa vianze kuonekana, kisha washa injini bila kuingiza gia. Kama michirizi imejitokeza papo hapo, tatizo ni la umeme: tafuta waya zilizokaribiana au unganisho lililolegea. Kama skrini imebaki safi lakini inachafuka kadiri mwendo unavyoongezeka, na mstari wa sakafu unakatika, basi ni mapovu, na dawa yake ni kuishusha transdusa kidogo, kubadili pembe yake au kuihamisha. Ninasisitiza utaratibu huu kwa sababu watu hukimbilia kichujio cha kelele kwenye menyu, ambacho huondoa michirizi pamoja na samaki wadogo, na tatizo hubaki palepale.

Kifaa kikishatulia, zima alama za samaki. Kompyuta ya kifaa huchora alama hiyo kwa kitu chochote kilichoning'inia majini kinachorudisha mwangwi wa kiwango fulani, iwe tawi la mti au kundi la mapovu, na humnyima mtumiaji nafasi ya kujifunza kusoma mwangwi wenyewe. Usikivu uongeze hadi vidoa vijae, kisha upunguze hadi vibaki vichache. Skrini iliyo safi kabisa mara nyingi imeficha kitu.

Katika kusoma, kumbuka kwamba safu ya mwisho kulia ndiyo ya sasa hivi, na kila kilicho kushoto kwake kimeshapita. Boti ikisimama, skrini inaendelea kusogea na kuchora mahali palepale. Samaki aliyetulia chini ya boti iliyotulia atachorwa kama mstari mrefu, bila kujali ukubwa wake. Umbo la upinde hutokea pale boti inapompitia: akiwa ukingoni mwa koni umbali wake ni mkubwa, akiwa katikati hupungua, akitoka huongezeka tena. Kwa hiyo urefu wa upinde hueleza muda aliokaa ndani ya koni, na nusu ya upinde ina maana alipita pembeni au aligeuka. Unene na nguvu ya rangi vinakaribia zaidi kueleza ukubwa, ila kwa tahadhari, kwa sababu mwangwi mwingi wa samaki hutoka kwenye kibofu chake cha hewa. Papa hawana kibofu hicho, na baadhi ya jodari pia hawana, hivyo samaki mkubwa wa aina hizo anaweza kuonekana hafifu kuliko mdogo mwenye kibofu.

Sakafu ya mwamba hurudisha mwangwi wenye nguvu kiasi kwamba sauti hugonga uso wa maji, hushuka tena na kurudi mara ya pili, na mstari wa pili hutokea kwenye kina maradufu. Sakafu ya tope hufyonza sauti na mstari huo hufifia au hukosekana. Huu ndio ushahidi ninaouamini zaidi kuhusu aina ya sakafu. Mstari hafifu ulio katikati ya maji, usiobadilika kina kwa mbali, mara nyingi ni mpaka wa maji ya joto na ya baridi, au viumbe vidogo vilivyokusanyika hapo, na inafaa kuchunguza juu na chini yake.

Samaki walalao sakafuni ndio wagumu. Penye kina cha mita 30, ukingo wa koni ya nyuzi 45 uko mita 32 na nusu kutoka kwenye transdusa, kwa hiyo samaki aliye ukingoni huko, ndani ya mita 2 na robo hivi kutoka sakafuni, humezwa na mwangwi wa sakafu iliyo chini ya boti. Kwa koni ya nyuzi 20 eneo hilo lililofichika ni nusu mita hivi. Anayevua karibu na sakafu atumie masafa ya juu na koni nyembamba, na kwenye mteremko akumbuke kwamba upande wa juu wa mteremko ndio utakaoamua mstari unaochorwa.

Kina kinachoandikwa hupimwa kuanzia kwenye transdusa. Ingiza kwenye menyu tofauti kati yake na sehemu ya chini kabisa ya boti ikiwa unataka kujua maji yaliyobaki chini ya mkuku, na ukumbuke kuwa sona ya kawaida haitazami mbele. Kila boti inapotolewa majini, sugua uso wa transdusa kwa kitambaa laini na sabuni, uondoe mwani unaoshikilia mapovu, na kama boti hukaa majini muda mrefu tumia rangi ya kuzuia uoto iliyochanganywa kwa maji, kwa sababu vimumunyisho vikali vya rangi nyingine huharibu plastiki.