Kukata mapanga ya pampu: mzunguko wa maji kwenye injini ya hotirodi

Hotirodi ni gari la zamani la Kimarekani, mara nyingi Ford ya miaka ya 1930, lililovuliwa madigadi na boneti na kuongezewa nguvu kwenye injini. Injini iliyoulea mchezo huu ni V8 ya Ford ya vichwa bapa, yenye silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la V. Ilitoka mwaka 1932 ikiwa na ujazo wa lita 3.6 na nguvu ya farasi 65. Ilipatikana kwa bei ndogo, ilikubali kuchokonolewa, na ilisifika kwa kuchemsha.

Chanzo cha kuchemsha kimo ndani ya bloku, yaani bonge la chuma lenye silinda. Valvu zake ziko ubavuni mwa silinda badala ya juu, hivyo moshi wa moto hautoki nje kwa njia ya mkato. Unapita kwenye matundu yanayokatiza bloku, maji yakiwa yameyazunguka, na silinda mbili za kati za kila upande zinachangia tundu moja. Kwa hiyo maji yanabeba joto la silinda na sehemu ya joto la ekzosi juu yake.

Pampu ni mbili, kila upande wa V na yake. Mkanda unazungusha kigurudumu chenye mapanga, maji yanasukumwa kwenye bloku, yanapanda kwenye vichwa, yanapita themostati (valvu inayofunguka maji yakipata moto), yanaingia rejeta kwa juu, yanashuka yakipoa na kurudi pampuni. Ila mpaka 1936 Ford iliziweka pampu juu, kwenye vichwa, zikivuta maji yaliyokwisha kupata moto. Maji yanayokaribia kuchemka ukiyavuta, shinikizo linashuka na yanageuka mvuke hapohapo. Mapanga yanabaki kukoroga mapovu. Hiyo ndiyo kavitesheni. Mwaka 1937 pampu zikahamishiwa mbele ya bloku, zikawa zinasukuma maji yaliyotoka kupoa.

Sasa tuje kwenye msumeno. Wajenzi wengi wa hotirodi walifungua pampu na kukata panga moja, wakaacha moja, mpaka mwisho. Ukiwauliza sababu, walisema maji yanakimbia mno, hayapati muda wa kupoa ndani ya rejeta. Maneno yanaingia akilini haraka, lakini hayasimami. Maji ni yaleyale yanayozunguka: yakikawia kwenye rejeta, yatakawia vilevile kwenye bloku, na huko yanaokwa. Yakienda kasi, rejeta nzima inabaki na joto karibu sawa juu hadi chini, na hapo ndipo inapotoa joto jingi zaidi kwa hewa.

Hata hivyo msumeno uliwasaidia, na hilo si la kubeza. Injini iliyokusudiwa kwenda taratibu ilikuwa sasa inazungushwa kwa kasi kubwa. Pampu zikasukuma maji kuliko mirija ya rejeta ilivyoweza kupitisha, yakajaa kwenye tangi la juu na kumwagikia nje kupitia bomba la ziada. Maji yakipungua, pampu inavuta hewa, na injini inachemsha. Ukikata mapanga, maji hayamwagiki tena. Dawa ilifaa, maelezo yake ndiyo yaliyokosewa. Gharama yake unaiona kwenye foleni: injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka taratibu gari limesimama, pampu iliyokatwa haisukumi maji ya kutosha. Mimi ningeanza na puli kubwa zaidi ya pampu, inayoizungusha taratibu zaidi, na ukijuta unaweza kurudisha ya zamani.

Themostati nayo ina kesi kama hiyo. Fundi wa kwetu akiona gari inachemsha, kitu cha kwanza anang'oa themostati. Kwenye hotirodi, wanaoing'oa huweka mahali pake washa, kipande bapa cha chuma chenye tundu dogo. Ule mbano unaifanya pampu ijenge shinikizo ndani ya bloku, na maji yenye shinikizo huchelewa kuchemka. Mapovu ya mvuke hayapati nafasi ya kujishika kwenye kuta za moto karibu na valvu za ekzosi, mahali ambapo bloku hupasuka.

Na kabla ya kugusa pampu yoyote, fungua vichwa uchokoe njia za maji kwa waya. Kwenye bloku hizi za zamani hutoka magamba ya kutu na, mara nyingine, mchanga mgumu wa kalibu uliobaki humo tangu chuma kilipomiminwa kiwandani.