"Dokta, imewaka!": dhana potofu kuhusu probu zinazong'aa ndani ya seli

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliniwekea kompyuta yake mezani, picha mbili zimepangwa ubavu kwa ubavu. Kushoto kuna seli zenye fluo-4, probu yaani molekuli inayong'aa zaidi inaponasa kalsiamu, kijani hafifu. Kulia ni seli zilezile baada ya kuwekewa manjano yaliyoyeyushwa kwenye DMSO, kiyeyushi cha maabara, na hapo kijani kinawaka kama taa ya bodaboda mpya. "Dokta, imewaka! Kalsiamu imepanda."

Nikamuuliza: seli zenye manjano lakini hazina probu ziko wapi? Kimya. Hakuzitengeneza. Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze, na nimechoka kusema jambo lilelile mlangoni mwa chumba cha hadubini, kwa hiyo leo naliandika.

Dhana: Picha ikiwaka zaidi, basi kile unachokipima kimeongezeka

Mwanga unaofika kwenye kamera una wazazi wengi. Probu ngapi zimeingia kwenye seli hii na ngapi kwenye jirani yake. Kila probu imemeza mwanga kiasi gani. Mazingira yake yanaiachia irudishe mwanga huo au yanauteketeza kuwa joto. Seli ni nene kiasi gani pale ulipolenga. Taa imezeeka kiasi gani, kamera imeachwa wazi kwa milisekunde ngapi, na nani amegusa kitufe cha gain, cha kukuza usomaji wa kamera, tangu juzi. Kalsiamu ni mmoja tu katika ukoo huo, ila wanafunzi wanampa urithi wote.

Kulionyesha hili hakuhitaji hadubini ya mamilioni. Tafuta ile taa ndogo ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Koroga manjano ya jikoni kidogo kwenye spiriti, acha machicha yashuke chini, kisha mimina taratibu sehemu safi ya juu kwenye chupa nyingine. Zima taa ya chumba, mulika. Utaona mng'ao wa kijani na njano ambao hukuutarajia kwenye kiungo cha pilau. Sasa dondoshea matone matano kwenye glasi ya spiriti safi na matano kwenye glasi ya maji, umulike tena. Ile ya spiriti inaendelea kuwaka. Ile ya maji imefifia mno. Matone ni matano kwa matano, kurkumini, yaani rangi ya manjano yenyewe, ni ileile. Hakuna kilichopungua. Kilichobadilika ni jirani wa molekuli: ndani ya maji kurkumini inapoteza nishati yake kabla haijairudisha kama mwanga, ndani ya spiriti au mafuta inairudisha zaidi.

Na utando wa seli umejengwa na nini? Mafuta. Kwa hiyo kurkumini inaogelea kwenye maji ya sahani ikiwa karibu gizani, inaingia kwenye utando, inawaka, na inawaka kwenye kijani, mlemle fluo-4 inamosomwa. Kesho yake mwanafunzi alirudi na slaidi ya seli na manjano tu. Zikawaka. Si kama zile za mwanzo, lakini vya kutosha kula sehemu kubwa ya "kalsiamu" yake.

Kwetu sisi tunaopima miti shamba hili ni la kila siku. Klorofili ya majani inang'aa nyekundu. Mimea mingi ina viambato vinavyong'aa bluu au kijani bila kuombwa. Hata seli isiyopewa kitu ina mng'ao wake, kwa sababu NADH na flavini, molekuli za kuendeshea nishati ya seli, zimo humo tangu kuumbwa kwake.

Kuna na kinyume chake, kinachowachanganya zaidi. Jaza kalseini, rangi nyingine inayong'aa, kwa msongamano mkubwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta: zinasongamana hadi zinazimana. Toboa vifuko, kalseini imwagike na kuchanganyika na maji, na mng'ao unapanda ghafla. Kalseini haijaongezeka hata molekuli moja, imepata tu nafasi ya kupumua. Kuna watu wanapima kuvuja kwa utando kwa ujanja huu huu.

Mtu aliyelielewa tatizo hili mapema na kulitibu kwa kemia, si kwa kelele kama zangu, ni Roger Tsien. Alikuwa Mmarekani aliyesomea shahada ya uzamivu Cambridge. Mwaka 1980 alichapisha BAPTA: aliichukua EGTA, ambayo hunasa kalsiamu polepole na kuyumbishwa na pH, akaipachika pete za benzini, ikawa inanasa upesi na haijali sana pH ya ndani ya seli. Mwaka 1981 akaleta ujanja wa esta ya AM, yaani kuifunika probu chaji zake ili ipenye utando, kisha vimeng'enya vya seli viukate ufuniko na probu ibaki imefungiwa ndani. Mwaka 1985, pamoja na Grynkiewicz na Poenie, ikatoka fura-2, probu ya kalsiamu.

Uzuri wa fura-2 ni huu. Unaimulika mara mbili, kwa nanomita 340 na kwa nanomita 380, na mara zote mbili unasoma mwanga wa karibu 510. Kalsiamu ikinaswa, usomaji wa 340 unapanda na wa 380 unashuka. Gawanya wa kwanza kwa wa pili. Seli ikiwa nene, namba zote mbili zinapanda pamoja na uwiano unabaki palepale. Probu ikiingia nusu, zote zinashuka pamoja, uwiano haujali. Kisha unatafuta sakafu kwa EGTA, inayonyang'anya kalsiamu, na dari kwa ionomisini, inayoifungulia mlango wa utando, na kalsiamu tele, na hapo ndipo unapata ruhusa ya kutamka nanomola, yaani kiasi halisi. Kumbuka unachokiwinda: seli iliyotulia ina kalsiamu huru ya takriban nanomola 100, wakati nje ya utando kuna zaidi ya milimola moja, tofauti ya mara elfu kumi. Fluo-4 haina uwiano wa namna hiyo. Unaigawanya kwa mwanzo wake yenyewe, na inakuambia "nimebadilika", basi. Ukiiandikia nanomola bila kuisawazisha, nitairudisha ripoti yako bila kuisoma ukurasa wa pili.

Na kabla hujakimbilia fura-2 kama kinga ya kila balaa: uwiano hufuta unene wa seli na wingi wa probu, haufuti mwanga wa mgeni. Mwanga wa manjano unajumlishwa juu ya kila usomaji, na kilichojumlishwa hakitoki kwa kugawanya. Ni lazima ukitoe kwanza.

Ndiyo maana kwangu hakuna kuwasha leza kabla sijaona slaidi tatu: seli tupu, seli na dawa bila probu, seli na probu bila dawa. Wananiita mkali. Wateknolojia wa maabara wanaosoma makohozi ya TB kwa rangi ya auramini na hadubini ya LED hunielewa haraka kuliko wanafunzi wangu, kwa sababu wao hawatoi majibu kwa kuwa kitu kimewaka. Uchafu nao unawaka. Wanatafuta umbo la kijiti, wanahesabu, na wana slaidi ya kulinganishia pembeni.

Dhana: Probu inatazama tu, haigusi kitu

Probu ya kalsiamu inaiona kalsiamu kwa kuishika. Ukiijaza seli probu nyingi, umeweka sponji: wimbi la kalsiamu linapanda polepole na kushuka polepole, nawe unaandika kwamba dawa yako "inatuliza" seli. Esta ya AM nayo ikikatwa huacha fomaldehaidi. Kidogo, ndiyo, lakini ni kwa kila kifuniko kilichokatwa, na molekuli moja ina vifuniko kadhaa.

Watu huweka mikromola 10 kwa saa nzima kwenye nyuzi 37 "ili iwake vizuri", halafu wanashangaa probu imejificha kwenye mitokondria, viwanda vya nishati vya seli. Mimi naanza na mikromola moja au mbili, nusu saa, joto la chumba, naosha, nasubiri nusu saa nyingine vimeng'enya vimalize kazi. Picha inakuwa hafifu zaidi, na naipenda hivyo.

Dhana: DCF inapima haidrojeni peroksaidi

Jamani. DCFH, probu inayogeuka DCF inayong'aa ikioksidishwa, haijibizani vya maana na peroksaidi peke yake, inahitaji chuma au kimeng'enya cha peroksidezi katikati. Vioksidishaji vingine kadhaa vinaiwasha pia, na hata mwanga wa hadubini yako unaiwasha. Ukiikodolea macho dakika tano itang'aa kwa sababu umeikodolea macho. Andika "mabadiliko ya jumla ya oksidisho", usiandike jina la molekuli.

Dhana: Rangi za kwenye picha ndizo rangi za seli

Kamera nyingi za hadubini hizi hazioni rangi, zinahesabu mwanga tu. Kijani, nyekundu na bluu tumezipaka sisi kwenye programu. Ukitaka zambarau, chagua zambarau.

Dhana: Ikizimika, seli imekufa

Mara nyingi umeichoma rangi kwa mwanga mkali. Sogeza slaidi pembeni: jirani ambao hukuwamulika bado wanawaka. Punguza leza.

Dhana: Tsien aligundua GFP, na GFP inawaka yenyewe kama kimulimuli

Osamu Shimomura ndiye aliyeitoa GFP, protini inayong'aa kijani, kwenye konyeza wa baharini, *Aequorea victoria*, kazi iliyochapishwa mwaka 1962. Douglas Prasher akaitoa jeni yake mwaka 1992. Martin Chalfie akaionyesha ikifanya kazi ndani ya bakteria na minyoo mwaka 1994. Tsien akaifanyia ukarabati kuanzia miaka hiyohiyo: akaeleza inavyojitengeneza, akaiongezea mng'ao, akazaa rangi nyingine. Nobel ya 2008 wakagawana watatu, Shimomura, Chalfie na Tsien.

Kimulimuli hutengeneza mwanga wake. GFP hurudisha uliopewa, na bila kumulikwa iko gizani kama protini nyingine yoyote. Tena inahitaji oksijeni ili ikomae, kwa hiyo bakteria uliowaotesha bila hewa wanaweza kuwa wameijaza tele na wewe usione kitu. Hapo tumerudi kulekule: giza si ushahidi wa kutokuwepo.

Mwanafunzi wangu ameshatoa mwanga wa manjano kwenye hesabu zake. Kilichobaki ni kidogo, lakini kipo. Jana akauliza kama tuna probu nyekundu isiyogongana na manjano. Ipo rhod-2, kwenye friza, droo ya pili, imefungwa foili. Nayo ina tabia ya kukimbilia mitokondria. Tutagombana nayo wiki ijayo.