Sindano ya deksamethasoni na mimba ya ng'ombe: maswali na majibu

Ng'ombe wa mimba ya miezi minane alivimba goti, akachomwa deksamethasoni. Siku ya pili akatupa mimba. Dawa ya uvimbe imeifikiaje mimba?

Dawa hii hufanya kazi kama kotisoli, homoni ya tezi za adrenali zilizo jirani na figo. Kwa ng'ombe, anayeamua siku ya kuzaliwa ni ndama mwenyewe. Mimba ikikaribia siku 280, adrenali zake humwaga kotisoli, nayo huamsha kwenye kondo kimeng'enya kiitwacho 17-alfa-haidroksilesi. Kimeng'enya hicho huichukua projesteroni, homoni inayotuliza mji wa mimba, na kuiingiza katika njia ya kutengeneza estrojeni. Estrojeni ikipanda, prostaglandini, kemikali ya mji wa mimba, hutoka na kuua kivimbe cha njano cha ovari, ambacho ndicho kisima kikuu cha projesteroni. Uchungu unaanza. Sindano ile imetoa ishara ya ndama kabla ndama hajawa tayari.

Ni hatari kwa mimba ya umri wowote?

Hatari kubwa ni miezi mitatu ya mwisho. Madaktari wa mifugo huitumia makusudi mimba ikishatimia: miligramu 20 hadi 30 kwenye msuli, na ng'ombe huzaa ndani ya siku moja hadi tatu. Gharama yake ni kondo kukwama, kwa kuwa halikupata muda wa kukomaa na kuachia. Usilivute wala kulifungia jiwe. Utachana mji wa mimba. Akiwa na homa au akigoma kula, mwite daktari. Na kabla ya sindano yoyote ya uvimbe, taja tarehe aliyopandishwa. Zipo dawa za uvimbe zisizo steroidi, yaani zisizoiga kotisoli, kama meloksikamu.

Mbona wajawazito hospitalini huchomwa dawa hiyohiyo?

Kondo la binadamu halina uwezo huo wa kugeuza projesteroni, kwa hiyo uchungu hauji. Kinachotafutwa ni kukomaza mapafu ya mtoto. Graham Liggins wa New Zealand, akichunguza uchungu wa kondoo miaka ya 1960, aliona wanakondoo njiti waliopata homoni hizi wakipumua, ingawa kwa umri wao hawakupaswa kuweza. Mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa wanawake. Leo mama wa wiki 24 hadi 34 anayeelekea kujifungua mapema hupewa miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, akiwa hospitali.