Majigambo ya Kiingereza yalitoka wapi?

Maneno kadhaa ambayo Kiingereza humwitia mtu wa majigambo yalianza kama majina ya watu wasiopata kuishi: wahusika wa tenzi na michezo ya kuigiza, tena wapiganaji.

Linalojulikana zaidi ni braggadocio, yaani majigambo matupu. Mshairi Edmund Spenser alichukua brag, kujitapa, akalipachika mwisho wa Kitaliano, akapata jina la Braggadocchio, mhusika katika utenzi wa The Faerie Queene ulioanza kuchapishwa mwaka 1590. Bwana huyu anaiba farasi na mkuki wa shujaa Guyon, kisha anatembea kifua mbele. Siku moja msituni anasikia baragumu likilia, mbio anajificha kichakani. Mwindaji mwanamke anaona kichaka kikitikisika, anadhani kuna mnyama, analenga silaha. Kama si mtumishi wa Braggadocchio kupiga kelele, shujaa wetu angekwisha. Baadaye Guyon anamdai farasi wake kwa kutaja alama nyeusi iliyo ndani ya kinywa, na mwizi ananyolewa ndevu hadharani.

Mzee wao wote ni Thraso, askari katika mchezo wa Terence, mtunzi wa michezo ya kuigiza wa Kirumi, ulioigizwa Roma mwaka 161 KK. Anakusanya watu waivamie nyumba ya mwanamke, anawapanga mbele, halafu yeye anajiweka nyuma. Ndipo lilipotoka thrasonical, yaani -enye majigambo. Shakespeare alilitumia, ila leo ni la wasomi tu.

Rodomontade, nalo pia majigambo, limetokana na Rodomonte, mfalme wa Algiers katika tenzi za washairi wa Kitaliano Boiardo na Ariosto. Huyu, kwa maoni yangu, kaonewa. Mdomo anao, lakini vitani hakimbii. Walioonewa zaidi ni wenyeji wa Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa: gasconade limewabebesha wote sifa ya kujitapa.

Vanity, yaani majivuno, halina mtu nyuma yake. Asili yake ni Kilatini vanus, yaani tupu, na vaunt, kujisifu, ni la ukoo huohuo. Sisi wenye debe tupu hatuna la kushangaa hapo.

Braggadocio nalo limebadilika. Katika rap huitwa hivyo mistari ambayo msanii anajimwagia sifa, na hapo hakuna anayemcheka. Aliyesoma fasihi simulizi atasema hicho ni kivugo, shairi la mtu kujisifu mwenyewe.